Celestini wa Disiki ya Sita

Taufiki hakujua hata neno moja la Kifilipino, na kazi yake ilikuwa kutafsiri Kifilipino. Siri hiyo ilimlisha kwa miaka miwili. Tusimcheke mapema, wapo wanaokula kwa siri mbaya kuliko hiyo, tena wakiwa wamevaa tai na wamekalia viti vya kuzunguka.

Alizaliwa Biharamulo mjini, si mbali na boma la Wajerumani, katika ukoo wa wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani kuuza kaniki wakasahau kurudi. Baba yake mdogo, Bwana Haji, aliuza vitenge sokoni. Aliposikia kwamba kule Ngara, kando ya kambi ya Lukole, kuna maelfu ya watu wasio na pa kwenda mchana kutwa, akapakia jenereta, deki, spika mbili na televisheni ya chogo kwenye lori, akajenga banda la video kwenye senta jirani na kambi. Lilikuwa banda la miti na maturubai, na ndani limetundikwa mablanketi ya kijivu ili giza liingie. Maonyesho yalikuwa ya mchana tu, maana wakimbizi walitakiwa wawe wamerudi kambini kabla ya saa kumi na mbili. Ilipotimu saa nane jenereta linaunguruma, na Taufiki, kijana mwembamba mwenye sauti nzito kuliko mwili wake, anashika maiki.

Picha iliyowateka watu mwaka huo wa 2007 ilikuwa sizoni ya Kifilipino, ya mapigano na safari za baharini. Kwenye ganda la disiki iliandikwa kwamba lugha yake ni Kitagalogi. Wenye picha hiyo hawakubana matumizi. Walichoma kijiji kizima kweli kweli, wakazamisha jahazi, wakakimbiza farasi mia wenye nguo. Senta nzima iliiita Upanga wa Visiwani. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kichina, kama mtu kamwaga njiti za kiberiti, kwa hiyo hayakumsaidia mtu.

Taufiki alikuwa na namna yake. Disiki ikifika, huiangalia asubuhi peke yake mara mbili. Anatazama nani kampiga nani, nani kalia, nani kafungua barua akashika kifua. Mchana anasimulia kwa Kiswahili kinachoteleza, na kwenye mapigano anaongeza vishindo kwa mdomo wake mwenyewe, hata wanaume wazima wanajikuta wamesimama. Walisema kijana huyu lazima alisomea ng'ambo. Naye hakukataa, kwa sababu mtu akikuvisha kanzu huanzi kuuliza kama ni yako.

Na kama ilivyo desturi ya mabanda yale, mtafsiri ndiye aliyewapa majina watu wa kwenye picha. Hakuna aliyekuja kujisumbua na majina ya Kifilipino. Jemadari mwenye jicho moja aliitwa Mgambo. Malkia mkorofi aliitwa Jovitha, na Jovitha mwenyewe, muuza maandazi wa pale senta, alinuna wiki nzima, halafu akaanza kuja kila siku kuangalia amefanya uovu gani mpya. Aliyemletea mtafsiri zawadi ndogo, muhindi wa kuchoma au parachichi, alikuwa na haki ya kuomba jina.

Disiki ya kwanza ilianza na mto. Jeshi la Mgambo linashuka mlimani, watu wanakimbilia majini, mama mmoja anavuka amemshika mkono mtoto wa miaka saba. Moto nyuma, farasi pembeni, maji yamemfika kifuani. Mkono unateleza. Mama anafika ng'ambo, anageuka, hamwoni.

Karibu kila aliyekaa mle bandani alikuwa amevuka mto mmoja au mwingine akikimbia. Taufiki, aliyekuwa amekusudia kuongeza vishindo, aliona aibu akaiacha picha ijisemee.

Picha ilipokwisha, mama mmoja alimfuata mezani. Alikuwa Mrundi wa makamo, mrefu, mkavu, ambaye wote walimjua kwa mchicha aliouotesha nyuma ya kibanda chake kambini. Jina lake Domisiana. Mkononi alikuwa na muhindi wa kuchoma umefungwa kwenye maganda yake.

"Shikamoo, mama," alisema Taufiki.

"Marahaba. Mtafsiri, yule mtoto aliyepotea mtoni umemwita nani?"

"Bado hajapata jina, mama."

"Mwite Serestini," alisema, kwa ulimi wa Kirundi unaogeuza l kuwa r.

Aliweka muhindi mezani akaondoka. Bernadetha, jirani yake wa kambini, ndiye aliyebaki kumweleza Taufiki lililobaki. Mwaka wa tisini na sita Domisiana aliuvuka mto Ruvubu kutoka Burundi usiku wa risasi, kitoto kichanga mgongoni, na mkononi kashika mtoto wa miaka saba. Kile kichanga kilikufa kambini mwaka huo huo. Wa miaka saba aliteleza mkononi, na tangu hapo hakuonekana, si hai si maiti. Alikwisha andikishwa kwenye orodha zote za watoto waliopotea. Hakuwa na picha yake hata moja. Alichokuwa nacho ni jina, na alama: mtoto aliwahi kujimwagia maharage ya moto, mkono ukabaki na kovu kuanzia kiwiko hadi kifundo.

Basi mtoto wa kwenye picha akawa Celestini.

Kwenye disiki ya pili alikuwa amekua, kijana mwenye mabega, ameokotwa na wavuvi, anajifunza upanga. Na siku alipokunja mikono ya shati ili apigane, mkono wake ulionekana una kovu la moto. Domisiana alisimama katikati ya banda. Waliokuwa nyuma wakapiga kelele akae, waliomjua wakawanyamazisha.

Siku hiyo alimfuata tena Taufiki. "Wa kwangu kovu lilikuwa mkono wa kushoto. Huyu ni wa kuria."

Hapo ndipo Taufiki angeweza kusema, mama, huyo ni mtu mwingine, Mfilipino, analipwa kwa kupigana. Lakini alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na mbele yake alisimama mama mwenye macho yale. "Mama, televisheni hugeuza," alijibu. "Kama kioo. Kushoto huwa kulia."

"Kumbe," alisema Domisiana, na uso wake ukalegea.

Uongo ule ulikuwa mdogo, wa kumstarehesha mtu, na Taufiki alilala salama. Kibaya ni kwamba uongo mdogo hukaa peke yake muda mfupi sana. Kwenye disiki ya tatu palikuwa na kipande ambacho Celestini anasimama juu ya mwamba, anaitazama bahari, anasema maneno matatu au manne. Kipande hicho kilirudiwa kila mwanzo wa sehemu mpya. Taufiki hakujua kijana anasema nini. Pengine anasema kesho kutanyesha. Yeye akamtilia maneno: "Mama! Usiondoke hapo ulipo. Nakuja!"

Ikawa balaa. Mara ya kwanza watu walipiga makofi. Mara ya tatu walikuwa wanasema pamoja naye, banda zima, watu mia mbili wakifuata sauti ya maiki: usiondoke hapo ulipo, nakuja. Watoto wa kambini waliokota fito wakawa wanagombania nani awe Celestini. Wapiga debe pale senta walisalimiana kwa jina hilo. Madereva wa malori waliolala senta wakienda Biharamulo na Kahama waliondoka na hadithi midomoni, ya Celestini mwenye mkono ulioungua, anayemtafuta mama yake aliyempoteza mtoni.

Wakati huo huo kambi ilikuwa inafungwa. Nchi yao imetulia, walisema wakubwa, na kila wiki msafara wa malori uliwachukua watu na magodoro yao kuwavusha mpaka. Jina la Domisiana liliandikwa mara mbili, na mara mbili alikwenda mwenyewe kuomba lifutwe. Baada ya disiki ya tatu likaandikwa tena, akaomba lifutwe mara ya tatu.

Bernadetha alimjia Taufiki asubuhi akiwa anafagia banda. Hakungoja kusalimiwa.

"Wewe kijana unamfunga yule mama."

"Mimi? Kwa kamba gani, mama?"

"Kwa hiyo maiki yako. Usiondoke, usiondoke! Msafara wa mwisho ni Arihamisi ya wiki ijayo. Atakayebaki atapandishwa tu, bila kupanga chochote, bila jembe, bila jirani. Mimi naondoka. Sisi wote wa mstari wetu wa vibanda tunaondoka. Atabaki na nani? Na wewe?"

Taufiki alikwenda kambini siku hiyo. Alimkuta Domisiana akimwagilia mchicha ambao hakuna atakayeula. Alikaribishwa kigoda. Akaanza kuzunguka, mara hali ya mvua, mara bei ya mafuta ya jenereta, mpaka akaona anajichosha.

"Mama, nataka kukwambia jambo. Yale maneno ya Celestini, ya kwenye mwamba. Mimi ndiye niliyeyatunga."

"Najua."

"Unajua?"

"Taufiki mwanangu. Yule anasema maneno matatu, wewe unasema thelathini. Unadhani mimi ni mjinga? Wewe hiyo rugha huijui." Alicheka kidogo, akaendelea kumwagilia. "Hata hivyo vizuri. Sikiriza. Miaka kumi na moja jina la mwanangu nalisema peke yangu. Kule nyumbani hakuna wa kulisema. Baba yake amekufa, bibi yake amekufa. Sasa kila siku watu mia mbili wanamwita. Mtu akiitwa na watu mia mbili, hata awe mbari, anageuka."

"Lakini msafara, mama."

"Mtoto akipotea anarudi paripoishia mkono wa mama yake. Mimi mkono wangu uriishia upande huu. Nikivuka tena ule mto, akija atamkuta nani?" Akatua kopo la maji chini. "Basi tufanye hivi. Firamu yako inakwisha lini?"

"Imebaki disiki moja. Ya sita."

"Akimpata mama yake, mimi nabaki, wanipandishe kwa nguvu wakitaka. Asipompata, nitajua, na mimi nitavuka."

Taufiki alirudi senta na roho nyepesi. Aliona jambo limekwisha. Sizoni gani ya gharama namna ile huisha bila mtoto kuonana na mama yake? Halafu akakumbuka kwamba wakionana, mama huyu atabaki peke yake kwenye kambi tupu, akisubiri kitu kilichotoka mdomoni mwake. Wepesi ukamwisha akiwa hata hajafika bandani.

Disiki ya sita iliwasili Jumanne kwa basi lililopitia Biharamulo, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga na Swabaha, binti wa Bwana Haji, aliyekuwa akizipokea kutoka Mwanza. Onyesho lilipangwa Jumatano, siku moja kabla ya msafara. Taufiki hakungoja asubuhi. Alifunga mlango, akawasha jenereta jioni ile ile, akakaa kwenye benchi la mbele peke yake.

Celestini anakufa.

Aliirudisha nyuma akaangalia tena, maana huenda kaona vibaya. Hakuona vibaya. Mgambo anamchoma mkuki kwenye ngazi za kasri. Anateremka ngazi kwa magoti, na mama yake, aliyezeeka, aliyemtafuta disiki tano, anamkuta amekwisha kata roho. Wanamlaza kwenye mashua, mikono kifuani, kovu juu. Wanaitia moto mashua, inaondoka na maji. Kamera ikabaki pale mpaka ubao wa mwisho ukawa mkaa. Wafilipino wale walikuwa na fedha ya kuchoma kijiji, basi hawakushindwa kumchoma mtu pia, ikaonekana kweli. Hata mwongo hodari hawezi kumfufua aliyegeuka majivu mbele ya macho ya watu.

Alimpigia simu Bwana Haji. "Baba mdogo, shikamoo. Disiki hii tusiionyeshe."

"Marahaba. Ni mbovu?"

"Si mbovu. Inaua mtu."

Bwana Haji alicheka mpaka akakohoa. "Picha zote zinaua watu, Taufiki. Hao watu wanaondoka keshokutwa, wamengoja mwisho miezi mitano. Ukiwanyima watalichoma banda. Onyesha, halafu ung'oe maturubai urudi nyumbani, shangazi yako amekuulizia."

Asubuhi ya Jumatano akaenda tena kambini, safari hii akiwa na maneno tayari: mama, leo usije. Alimkuta Domisiana amefua kitenge chake kizuri, cha kijani chenye majani ya njano, amekianika kwenye kamba. Alikuwa amechemsha viazi vitamu, akamwekea sahani kabla hajafungua mdomo. Alimwambia leo watakaa mstari wa mbele, yeye na wanawake wote wa mstari wao, hata Bernadetha ambaye hana hamu na firamu. Taufiki alikula viazi. Alikula mpaka kikaisha cha mwisho, akashukuru, akaondoka. Njiani alijitukana kwa matusi yote ya Biharamulo, lakini kujitukana ni kazi rahisi, haina msaada kwa mtu mwingine.

Saa nane banda halikuwa na pa kuweka mguu. Watu walisimama hadi nje, wameinua mablanketi. Domisiana alikaa mbele kabisa, amejifunga kitenge cha kijani. Kipande cha kwenye mwamba kilipofika, watu mia mbili walisema kwa pamoja, na yeye akasema nao.

Taufiki alitafsiri vizuri siku hiyo. Alirefusha kila kitu kilichoweza kurefushwa. Lakini picha haimngojei mtu. Ngazi za kasri zikaja, Mgambo akaja na mkuki wake.

"Na huyu mnayemwona," alisema Taufiki kwa haraka, jasho likimtiririka, "huyu siye Celestini. Ni mtu aliyefanana naye. Celestini mwenyewe yuko njiani, anakuja kwa farasi..."

"Acha uongo!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Mkono! Tazama mkono wake!"

Kovu lilijaza televisheni nzima. Watu wakazomea, miguu ikapiga chini. Taufiki akateremsha maiki. Ndani ya banda ikabaki sauti ya yule mama wa Kifilipino akilia kwa lugha yake, na hapo hakuna aliyehitaji mtafsiri.

Domisiana alisimama. Alikwenda mpaka kwenye televisheni, akasimama kando yake kama mtu aliyesimama kando ya kitanda, akaanza kusema. Alisema kwa Kirundi, polepole, bila kulia. Taufiki alishika vipande tu: mto, maharage, bibi yako. Wazee waliinamisha vichwa. Mashua ilipoanza kuwaka, alifungua kitenge chake cha kijani, akabaki na gauni, akaifunika televisheni kuanzia juu mpaka mezani, namna maiti anavyofunikwa. Akasema, "Genda amahoro, mwana wanje."

Hayo Taufiki aliyaelewa. Miaka miwili ya kukaa na Warundi ilitosha kuelewa hayo. Nenda kwa amani, mwanangu.

Hakuna aliyedai kuona mwisho. Picha iliendelea chini ya kitenge, panga zikigongana, mpaka ikajimaliza yenyewe. Wanawake walimzunguka Domisiana wakatoka naye, na jioni ile walikaa kwake matanga ambayo yalichelewa miaka kumi na moja.

Alhamisi asubuhi malori yalikuwa yamejipanga. Taufiki alimtafuta lori hadi lori, kitenge kimekunjwa mkononi, akamkuta juu, amekalia godoro, Bernadetha pembeni yake.

"Mama, kitenge chako."

"Hapana. Nguo ya kuzikia hairudishwi."

"Mama, ile ni picha tu. Wa kwako mkono wa kushoto. Nilikudanganya, televisheni haigeuzi kitu..."

"Taufiki." Alimwekea mkono kichwani kutoka juu ya lori. "Usijitese. Umenizikia mwanangu, na mimi nirikuwa sina pa kumzikia. Sasa naweza kuvuka. Upande huu sina mtu."

"Unakwenda kilima gani, kijiji gani? Nitakuja kukuona."

"Kilima chetu wanakaa watu wengine siku hizi. Nitakaa watakaponishusha."

Lori likanguruma, likaondoka.

Siku kumi na tisa baadaye Taufiki alikuwa juu ya banda aking'oa misumari. Senta ilikuwa imekufa. Jovitha mwenyewe aliuza maandazi kumi kwa siku. Kijana mmoja akaja na baiskeli, magurudumu yamejaa vumbi jekundu, akaiegemeza kwenye nguzo. Alikuwa na mabega, amevaa shati la mikono mirefu kwenye jua lile.

"Habari za hapa, kaka."

"Nzuri. Onyesho hakuna, tumefunga."

"Sikuja kwa onyesho. Mimi natoka Nyamahanga, kule Biharamulo. Nachunga ng'ombe wa mzee mmoja. Wananiita Danstan." Akafuta vumbi usoni. "Dereva mmoja wa lori alilala kwetu, gari lake lilikatika springi. Akatuhadithia kwamba hapa kuna picha ya mtoto aliyepotea mtoni, mkono wake umeungua, na kuna mama huja kila siku kumwita. Akalitaja jina. Mimi hilo jina sikuwahi kumwambia mtu yeyote kule. Yule mzee aliyeniokota aliniambia nisilitaje tena, wasije wakanirudisha."

Alivuta mkono wa shati. Ulikuwa wa kushoto. Kovu lilianzia kwenye kiwiko likaishia kwenye kifundo.

Taufiki alishuka ngazi, hata hakumbuki alishukaje. Akakaa kwenye benchi ambalo lilikuwa bado halijapakiwa. Kutoka Nyamahanga mpaka pale ni mwendo wa baiskeli wa siku mbili. Miaka kumi na moja, siku mbili.

Alimwambia yote. Aliacha tu yale maneno ya Kirundi ya mwisho; mengine, kwa mara ya kwanza maishani, hakuyaongeza wala hakuyapunguza. Wakaenda pamoja ofisini kambini, ambako madaftari yalikuwa yamekwisha fungwa kwenye maboksi. Karani aliwapokea vizuri, akafungua boksi moja, akaandika kila kitu. Akasema wa jina hilo waliovuka ni wengi, majina yamekwisha pelekwa ng'ambo ya mpaka, na huko watu hugawanywa vijijini kila mmoja na njia yake. Barua itaandikwa. Wavute subira. Yeye kijana, kwa kuwa hana karatasi ya nchi yoyote, asijaribu kuvuka mpaka peke yake.

Walirudi senta. Kijana aliketi chini, mgongo kwenye nguzo ya banda lililobaki bila paa. Taufiki akaingia ndani, akatoka na kitenge cha kijani, akampa. Kijana alikinusa. Akakiweka magotini, akawa anakikunja na kukikunjua.

"Kaka. Nani alimwambia yule wa kwenye picha ni mimi?"

"Mimi."

"Na kwamba aliyekufa ni mimi?"

Taufiki akainama kuokota misumari iliyotapakaa chini.

Kijana alitazama barabara iendayo mpakani, ambayo haikuwa na gari wala mtu. "Hebu niambie," alisema. "Aliponifunika, alisemaje? Kirundi kimenitoka chote. Nitafsirie tu."

Kwa mara ya kwanza tangu ashike maiki, Taufiki aliijua maana ya maneno aliyotakiwa kuyatafsiri, na alikaa pale mpaka jua likazama hajayasema.